Maswali ya Wasomaji: Naanza Vizuri, Wiki ya Tatu Naacha

Swali: Wahariri, habari za kazi. Nimejipangia kuamka saa 11 alfajiri, kufanya mazoezi nusu saa, kusoma kurasa 20 na kuandika matumizi yangu ya pesa kila siku. Siku kumi za kwanza mambo huenda vizuri. Ikifika wiki ya tatu sina hata kimoja kilichobaki. Nasikia siku 21 zinatosha kujenga mazoea, sasa mimi nakwama wapi? Ni uvivu?

Jibu: Nzuri, ndugu msomaji. Mvivu hawezi kuamka saa 11 alfajiri siku kumi mfululizo, kwa hiyo hilo liondoe moyoni. Umekwama pale wanapokwama wengi: ari ya mwanzo imekwisha, na mazoea bado hayajakomaa.

Hesabu ya siku 21 imewavunja moyo watu wengi bila sababu. Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji walau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Neno "walau" likapotea njiani, na habari ya sura ikageuzwa kuwa kanuni ya kila tabia. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa na jambo moja tu, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Kwa makadirio yao, muda wa jambo hilo kuanza kufanyika bila kujisukuma ulikuwa kati ya siku 18 na 254, na mtu wa katikati alihitaji siku 66. Basi wiki ya tatu ndiyo kwanza safari inaanza.

Wewe umebeba mambo manne kwa pamoja. Chagua moja. Tuchukue kusoma, kisha fanya hivi.

Kwanza, liegemeze kwenye tendo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa, tena lenye mwisho unaoonekana. "Jioni nitasoma" haifai, kwa sababu jioni ni ndefu na haikushiki mkono. "Nikisharudisha mswaki mahali pake usiku, nitakaa kwenye kiti kile na kufungua kitabu" inafaa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameitafiti kwa miaka mingi mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya tafiti 94 na kuona kwamba inawasaidia watu kutimiza walichokusudia kuliko nia peke yake.

Pili, weka kiwango cha chini ambacho utakiweza hata siku mbaya kuliko zote: ukurasa mmoja. Ukitaka kuendelea, endelea, ila deni lako ni ukurasa mmoja tu. Hapa ndipo watu hubisha, wakiona ni kidogo mno. Lakini kinachojengwa sasa ni kule kuanza. Wingi utakuja baadaye. Kurasa 20 hupangwa siku mtu ana nguvu, kisha hudaiwa siku hana.

Tatu, kitabu kikae wazi kwenye kiti chenyewe tangu asubuhi. Ukilazimika kukitafuta, utapata nafasi ya kughairi.

Nne, weka alama kwenye kalenda ukishamaliza, papo hapo, wala usingoje asubuhi.

Usiongeze jambo la pili mpaka ujikute umeshaanza kusoma bila kubishana na nafsi yako. Na kuamka mapema kuna mpango wake tofauti: kazi yake hufanyika usiku. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, kwa hiyo anayetaka kuamka saa 11 alfajiri awe amelala kufikia saa 4 usiku. Sogeza muda wa kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku chache. Ukisogeza alamu peke yake unakopa usingizi, na deni hilo hulipwa wiki ya tatu.

Swali: Nikikosa siku moja tu, naona nimeharibu yote, naacha kabisa.

Jibu: Katika utafiti huohuo wa London, kukosa nafasi moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea kwa kiasi cha maana. Siku ya kuiogopa ni ya pili. Andika mapema, kabla hujakosa: "Nikikosa leo, kesho nafanya kile kiwango cha chini, saa ileile." Usifidie kwa kufanya maradufu. Mzigo ukiongezeka siku unayorudi, unapata sababu mpya ya kutorudi.

Swali: Najikaza nisiguse simu nikiwa kazini, lakini nashindwa. Nifanyeje niwe na utashi imara?

Jibu: Punguza kujikaza. Wilhelm Hofmann na wenzake, katika utafiti uliotolewa mwaka 2012, waliwauliza watu wazima nchini Ujerumani mara kadhaa kwa siku wanatamani nini wakati huo. Wale wenye kujitawala zaidi walikuwa na mapambano machache na vishawishi, si mengi. Kwa hiyo simu iwe chumba kingine, sauti imezimwa, kwa dakika 25 za kwanza. Kuigeuza kifudifudi mezani hakusaidii sana, mkono bado unaifikia. Toka kwenye akaunti za mitandao kila unapomaliza, ili kurudi kudai nenosiri. Nunua saa ya alamu ya kawaida, simu isilale kitandani.

Swali: Nimtafute mtu wa kunifuatilia?

Jibu: Ndiyo, lakini asiwe mwenzi wako wa ndoa, kuulizwa kila siku hugeuka ugomvi. Mtumie rafiki ujumbe wa neno moja, "ndiyo" au "hapana", kila siku wakati uleule mliopanga. Asikushauri wala kukukemea.

Swali: Nilikuwa mtu wa ratiba miaka yote. Sasa ni mwezi wa pili hata kuoga naona mzigo, na ninavyovipenda havinivutii tena. Nirudishe vipi nidhamu yangu?

Jibu: Pole sana, dada. Hili tusiliite suala la nidhamu. Hali hiyo ikizidi wiki mbili inastahili kuonwa na daktari, maana sonona, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kumnyima mtu nguvu hivyohivyo. Nenda wiki hii. Ukiona mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata siku moja. Mwambie mtu wa karibu na muende pamoja. Andika kwenye karatasi mabadiliko yalianza lini, unalala saa ngapi na dawa zote unazotumia, umpe daktari aisome.