Kichina au simu ya kutafsiri?

Ndugu, umeuliza kuna haja gani ya kusoma Kichina wakati simu inatafsiri kila kitu. Inategemea unakitakia nini. Kama ni kusoma vibandiko na kuagiza chakula, simu inatosha, usijitese.

Ila kama unawaza kufuata mzigo Yiwu au Guangzhou, miji ya biashara huko China, hapo habari nyingine. Mwenye duka anaweza asitamke bei, akakuonyesha kwa mkono mmoja tu: dole gumba na kidole cha mwisho vimenyooka, vingine vimekunjwa. Hiyo ni sita. Gumba na cha shahada ni nane, wewe utadhani mbili! Na mila zao ndizo zitakazokuokolea pesa zaidi. Mwaka Mpya wao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, viwanda vingi vinafungwa, wafanyakazi wanarudi makwao, wengine kwa wiki kadhaa. Ukilipia oda Januari ukitegemea mzigo wa Februari, imekula kwako.

Toni nne, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, zitakusumbua mwanzoni, lakini vitenzi vyao havibadiliki kwa nafsi wala wakati kama vyetu, kwa hiyo kuongea si mlima. Kazi ni zile herufi zao za Kichina. Mimi ningeziacha kwanza, maana kwenye simu unaandika kwa pinyin, yaani herufi hizihizi za kwetu, kisha unachagua herufi ya Kichina inayotokea. Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, ipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na Dar es Salaam pia ipo. Ukitaka kusoma China kwa Kichina, waulize mapema kuhusu HSK, mtihani wa kupima kiwango chako cha Kichina.