Mnaoanza kuimba, tengenezeni nyumbani kwanza

Vijana wengi wanaonijia hapa Malindi, wengine watoka Mambrui na Watamu, kuna hata waliofunga safari kutoka Lamu, wataka niwafunze sauti. Sauti nitawafunza, lakini swali kubwa huwa wameliacha kwao. Nimeanza kuimba taarabu miaka ya 1980, harusini kwanza afu mahotelini, kaseti zangu zikapigwa pwani yote, sai nimestaafu na sishindani na mtu, haya naandika kwa kuwa nataka mudumu. Ukipata jina, jina lile laingia nyumbani kwenu kabla ya pesa, na kama hamjakaa na wazee mkaongea mapema litawagombanisha mpaka mkose raha ya kuimba.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu na sare za skuli. Siku aliyokubali niimbe aliweka masharti: kaka awe nami kila nnapokwenda, hotelini nisikanyage mpaka apaone mwenyewe, na kila shairi alisome kabla sijaliimba. Watu walisema yule mzee ambana mtoto. Wallahi masharti yale ndo yaliyonilinda, manake mwenye harusi akitaka tupige mpaka alfajiri kwa malipo yale yale alikuwa aongea na kaka, mimi niko kando na kikombe changu cha tangawizi, sina neno na mtu, na kesho yake twaonana njiani twasalimiana vizuri. Kwa hivyo dada zangu, na nyinyi wavulana pia, msione haya kuandamana na mtu wa nyumbani kwenye shoo. Mchagueni anayeweza kukataa jambo bila kutukanana, si yule anayependa kupigwa picha tu.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo manake ndipo bendi nyingi zinapovunjikia. Harusini malipo ya mkataba ni kidogo, pesa yenyewe iko kwenye tuzo, wale kina mama wanavyoinuka na lesso zao wakija wakicheza, noti juu, wanakutuza kwa ubeti uliowagusa na pengine ubeti wenyewe wamtumia kumjibu mke mwenza aliyekaa safu ya pili. Kaka alikuwa aziokota zote atia kikapuni. Tukifika nyumbani, hata iwe saa nane usiku, mama alikuwa atandika mkeka, amwaga zile noti zimekunjika zimelowa jasho zanuka udi na marashi, azinyoosha moja moja kwenye goti, afu aanza kupanga mafungu na wapigaji wote wako pale waona: la mpiga kinanda, la tabla, la kodiani, nauli ya kurudi, la mtunzi, la nyumba, afu langu. Langu lilikuwa la mwisho. Kila mtu alishika lake akaenda kulala na asubuhi hakuna aliyekuja kuuliza. Siku hizi mwatuzwa kwa M-Pesa kwenye simu ya mtu mmoja na wengine hawajui imeingia ngapi, hapo ndo fitina huanzia. Usiku ule ule, kabla hamjashuka garini, piga picha ya meseji zote tia kwenye grupu ya WhatsApp ya bendi, mgao uandikwe, kila mtu ajibu amepata. Ukisema tutahesabu kesho, kesho nusu imeshatumika.

Na fungu la mtunzi halichezewi. Nyinyi mwapenda kuwataja waimbaji tu, lakini hebu angalieni waliotutangulia. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, sauti yake ilivuma kila mji wa pwani, na nyuma ya nyimbo zake nyingi alikuwako mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndugu yake. Zein l'Abdin, mtu wa Lamu na fundi wa kupiga udi, ile ala ya nyuzi, aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany, naye pia wa huko huko Lamu. Waimbaji wakubwa hawa waliheshimu maneno, ndo mpaka leo mtu azikumbuka zile beti hata akisahau mahadhi.

Mara ya kwanza wimbo wangu kupigwa redioni, wakati huo redio ya taifa bado ni VOK haijawa KBC, baba alikuwa kwenye cherehani. Mguu ukasimama kwenye kanyagio, kitambaa kiko chini ya sindano, akasikiza mpaka mwisho. Mama apiga vigelegele, majirani washaanza kuingia, yeye akaniuliza, "Ubeti wa tatu umewenda wapi?" Kweli waliukata ili wimbo uwe mfupi. Hakusema hongera siku ile, na mimi sikuumia, nilijua huyu mzee amesikiza kuliko wote waliojaa pale uani. Tangu hapo nikiingia studio nilikuwa napima wimbo kwa saa kabla ya kurekodi, na kama ni mrefu namwendea mtunzi aupunguze mwenyewe, nami nawasihi mufanye hivyo, prodyusa asikate shairi la watu bila mwenyewe kujua.

Kaseti sitazieleza sana. Duka lilikuwa likinunua rekodi kwa malipo ya mara moja, wanatoa kopi watakavyo, uzione zauzwa Mombasa hadi Lamu na wewe huna chako tena, na nilipokwenda kuuliza niliambiwa nilishalipwa. Hakukuwa na karatasi. Nyinyi mna Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na mna KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ya kusajili kazi, na tungo ya wimbo yalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya yeye kufa. Hiyo 50 ni ya watoto na wajukuu. Kwa hivyo kabla wimbo haujapanda YouTube kaeni na mtunzi muandike nani ana nini, na nyumbani wawepo wanaojua karatasi imewekwa wapi.

Jambo jingine ni kalenda. Hoteli za Malindi hujaa kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, ikiingia masika nyingi hufunga. Harusi zetu zaenda na mwezi wa Kiislamu, zajaa Shaabani kabla ya Ramadhani na Mfungo Mosi baada yake, na Ramadhani yenyewe hatuimbi. Lakini mwezi wahama kila mwaka kama siku 11, kwa hivyo kuna miaka Ramadhani yaangukia kilele cha wageni, kama ilivyokuwa Disemba ya 1998 na ya 1999, na hiyo ilikuja baada ya fujo za Likoni za 1997 na mvua za El Niño, wageni washapungua. Waimbaji wazuri waliuza vyombo vyao wakati ule. Mimi lile fungu la nyumba ndilo lililotuvusha, mama alikuwa ameliweka. Angalieni kalenda miaka miwili mbele, wekeni ya masika na ya Ramadhani kando kabla hamjanunua spika mpya.

Watu wa ukoo watakuja wengi, na wengine wana shida za kweli, wasaidieni, ila aamue mzee mmoja wa nyumbani, usiwe unatoa kila anayekupigia simu usiku.

La mwisho ni hili ninaloulizwa zaidi na wasichana, baba amekataa, nifanyeje? Mwanangu, usiimbe kwa kujificha. Video itamfikia kwa mdomo wa mtu baki na hapo utakuwa umemvunjia heshima hata kama wimbo ni mzuri. Mpelekee mashairi ayasome, mwambie nani atakupeleka na nani atakurudisha, muombe uanze kwenye harusi ya ndugu ambapo shangazi na khalati zako wako. Akikataa mpe muda, uliza tena baada ya Idi, na mtume ami yake au mwalimu anayemsikiza. Huku nyuma endelea kufanya mazoezi ya pumzi asubuhi na ujifunze kupiga kinanda, hayo hayahitaji ruhusa ya mtu.