Nahau ya Kutotetereka na Hatari ya Orodha za Mkato

Swali: Ninatafsiri kutoka Kiingereza mwongozo wa majadiliano wa chama cha wafanyakazi. Mwandishi anawahimiza wajumbe "stick to your guns", yaani wasitetereke, mwajiri anapowabana. Programu ya tafsiri imenipa "shikamaneni na bunduki zenu", nami nimeikataa. Je, ni nahau gani ya Kiswahili yenye silaha inayolingana nayo?

Jibu: Umefanya vyema kuikataa, lakini swali lako bado limebeba kosa ninalokutana nalo kila mara, yaani dhana kwamba picha iliyomo katika nahau ni lazima ivuke pamoja na maana yake. Silaha zinazotajwa hapo ni mizinga, na aliyesifiwa ni askari asiyeuacha mzinga wake anaposhambuliwa. Hata hivyo Waingereza wenyewe waliiondoa nahau hiyo vitani zamani, kwa maana mwandishi James Boswell, katika wasifu wa mwanakamusi Samuel Johnson uliotoka mwaka 1791, alitumia usemi wa namna hiyo kumsifu mwanamke aliyekuwa akitetea mashairi ya mapenzi.

Kwa hiyo usitafute silaha. Andika "shikilieni msimamo wenu", au "simameni kidete" pale mwandishi anapokusudia kuwatia moyo. Epuka "ng'ang'anieni" na "shupazeni shingo", kwa kuwa hayo ndiyo maneno ambayo mwajiri mwenyewe angeyatumia kuwalaumu.

Kinachonikera zaidi ni orodha za nahau zinazosambazwa kwa simu, ambazo huweka semi zote za namna hii katika kapu moja, kana kwamba maana yake ni ile ile. "Dig in your heels" mara nyingi ni lawama ya ukaidi. "Stand your ground" nayo, mbali na matumizi ya kawaida ya kutorudi nyuma, ni jina la sheria: huko Florida, Marekani, tangu mwaka 2005, mtu aliye mahali anaporuhusiwa kuwapo, akiamini kwa sababu za msingi kwamba uhai wake umo hatarini, hana wajibu wa kurudi nyuma kabla ya kutumia nguvu, hata za kuua, ili kujilinda. Anayenakili orodha ataandika "shikilia msimamo" katika hati ya kesi ya mauaji, na anayeiachia programu kazi yote anaweza kuletewa "simama kwenye ardhi yako", hata ndugu wa marehemu wadhani kwamba kesi ni ya kiwanja. Hati ya namna hiyo haitafsiriwi usiku mmoja kwa bei ya kutupa. Apewe mfasiri anayejua sheria, na mwanasheria aisome kabla haijafika mahakamani.