Bata Anayechechemea: Anza na Sakafu Kabla ya Dawa

Mguu wa bata huponywa zaidi na mahali anapolala kuliko dawa yoyote utakayonunua dukani. Nataka kila anayefuga bata nyumbani alishike hilo, hasa sisi wa Dar es Salaam ambao uani kwetu nusu ni zege, nusu ni matope ya masika, na ukifungua mlango unakuta tailizi. Nina bata jike tunayemwita Shani. Si wa kuuza wala wa kitoweo, wanangu wamemlea tangu kifaranga. Masika iliyopita mguu wake wa kushoto ulinasa kwenye uwazi wa mfuniko wa mtaro, akajinasua kwa nguvu, na kuanzia hapo akawa hakanyagi. Majirani waliniambia, "Mama, huyo mchinje mapema kabla hajakonda." Walisema kwa nia njema, maana hivyo ndivyo wengi tulivyolelewa. Lakini bata aliyeumia mguu mara nyingi anapona, na anapona vizuri, akipata mtu wa kumtuliza.

Kabla ya kumchunguza, jua namna ya kumshika. Usimnyanyue bata kwa miguu hata siku moja. Tumezoea kuona kuku sokoni wakining'inizwa vichwa chini, tukadhani ndege wote ni hivyo. Miguu ya bata ni mifupi na dhaifu ukilinganisha na uzito wa mwili wake, na mguu unaweza kuteguka au kuvunjika mkononi mwako. Zungusha mikono miwili juu ya mabawa yaliyofungwa, mnyanyue, kisha mlaze juu ya mkono wako huku kiganja kikiwa chini ya kifua. Hawa bata wetu wa kawaida, wenye uso mwekundu wenye vinundu, wana kucha kali kweli, kwa hiyo mfunge kwenye kanga kabla ya kumgeuza. Kanga isikaze kifuani. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, anapumua kwa kifua chake kupanda na kushuka, na ukimbana hapo unamnyima pumzi.

Mchunguze mchana penye mwanga, uanzie vidoleni kwenda juu. Vidoleni ninatafuta uzi kabla ya kitu kingine chochote. Hapa mjini nyua zetu zimejaa nyuzi za viroba na vipande vya rasta vinavyobaki watu wakisukana nywele kibarazani. Vinamzunguka bata kidoleni au juu ya kifundo, vinajikaza kila anapotembea, mwisho vinazama ndani ya ngozi usivione kabisa, unaona uvimbe tu. Loweka mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ngozi ilainike, kisha kata uzi kwa mkasi mdogo wa kucha. Kidole kikiwa cheusi na baridi, damu imeacha kufika, na hiyo ni kazi ya daktari.

Kisha geuza wayo. Kigaga cheusi cha mviringo chenye uvimbe chini yake ni jipu la wayo, nitalirudia baadaye. Panda kwenye kifundo na ukilinganishe na cha mguu mwingine kwa kuvishika vyote kwa wakati mmoja, maana kilichoumia huwa na joto zaidi. Endelea kupapasa mfupa mpaka pajani taratibu. Mguu ukining'inia, ukipinda mahali pasipo na kiungo, au mfupa ukiwa umetoboa ngozi, acha kila kitu umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Yapo pia magonjwa yanayojifanya majeraha ya mguu. Bata aliyelegea miguu yote miwili, kisha shingo ikaanza kuanguka asiweze kuinua kichwa, huenda amekula sumu ya botulizimu, inayotengenezwa na bakteria kwenye mizoga na uozo wa madimbwi. Msimu wa mvua uchafu wa namna hiyo umejaa mitaroni. Na bata jike anayetaga akishindwa kusimama ghafla huku akijikamua, yai linaweza kuwa limekwama na kukandamiza neva za miguu. Wote hawa wanahitaji daktari haraka, bandeji haitawasaidia.

Shani alipopimwa, mfupa ulikuwa mzima, kilichoumia ni kano za kifundo. Daktari alitaka atulie asitembee. Hapo ndipo sakafu inapoingia.

Zege linachubua wayo na kurudisha uzito wote kwenye kiungo kinachouma. Tailizi ni mbaya zaidi, kwa sababu mguu unateleza na kano inayojaribu kuungana inavutwa upya kila anapojaribu kusimama. Gazeti nalo linateleza likilowa, na vifaranga wanaokulia juu yake wanaweza kutawanyika miguu, mmoja huku na mwingine kule. Matope yanalowesha ngozi ya wayo mpaka inalainika na kupitisha bakteria. Kinachofaa ni maranda makavu, kina cha sentimita 8 hadi 10, yanayobonyea mwili unapotua. Omba kwa fundi seremala, mara nyingi hupewa bure au kwa hela ndogo, lakini muulize kwanza kama mbao hizo zilipakwa dawa ya mchwa. Usichukue vumbi laini la msumeno, linaingia kwenye njia ya hewa. Pumba za mpunga zinafaa maranda yakikosekana.

Eneo liwe la kutosha kujigeuza na kunyoosha mabawa, lisitoshe kukimbia. Sisi tulizungushia pembe ya baraza kwa mbao na kuweka wavu juu. Wavu ni lazima kwa jiji hili kwa sababu ya kunguru. Hawa kunguru wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kusambaa hadi huku, wanamtambua ndege asiyeweza kukimbia na wanamdonoa mpaka kwenye jeraha. Usiku kuna panya na siafu. Kama kuna kidonda wazi, nzi ni hatari kuliko wote, watataga humo na ndani ya siku moja utakuta funza, kwa hiyo funika kidonda na ukitazame asubuhi na jioni. Pawe na kivuli na upepo, maana joto la hapa linamchosha mgonjwa upesi.

Mtenge na bata dume. Dume halijali kama jike ni mgonjwa, litampanda na kumvunja zaidi. Lakini usimfiche asione wenzake, bata ni ndege wa kundi na akibaki peke yake anaweza kuacha kula. Weka uzio ambao wataonana na kuitana kupitia kwake.

Shida kubwa ya sehemu hii ni maji. Bata lazima apate maji ya kina cha kuzamisha mdomo wote mpaka matundu ya pua, la sivyo pua na macho vinaziba uchafu, na chakula kikavu kinaweza kumkwama kooni. Na maji hayo hayo ndiyo anayoyamwaga kwenye maranda. Kilichotusaidia ni dumu la lita 10 lililokatwa tundu ubavuni, kichwa kipite mwili usipite, likawekwa pembeni ya tandiko kwa namna ambayo anayafikia akiwa ameketi. Maranda yanayozunguka dumu tuliyaondoa kila siku bila kungoja yanuke. Mpapase na kifuani pia, kwenye mfupa wa katikati. Bata anayeketi siku nyingi anapata vidonda pale, na wewe unaendelea kuangalia mguu tu.

Usisahau mguu mzima. Ndio unaobeba uzito wa miwili, na wayo wake unaweza kufanya jipu wakati ule mwingine unapona. Bata wazito wako kwenye hatari zaidi.

Uvimbe ukishapungua, na kama hakuna kidonda wazi wala bandeji, mwogeleshe. Ninaipenda sana tiba hii. Kwenye maji mwili unaelea, kiungo hakibebi kitu, na misuli ya mguu inafanya kazi bila maumivu ya kukanyaga. Diaba kubwa linatosha, maji yafike kiwango cha kumwinua kabisa kutoka chini. Dakika 10 mwanzoni, wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Bata mgonjwa huacha kujipaka mafuta ya manyoya, analowa, anakuwa mzito, na anaweza kuzama. Ukimtoa mkaushe kwa taulo kabla hajarudi kwenye maranda. Shani alikuwa anapiga makasia kwa mguu mmoja siku za mwanzo, akizunguka duara tu. Halafu ule wa kushoto ukaanza kujibu.

Sasa jipu la wayo. Husababishwa mara nyingi na bakteria aina ya stafilokoka wanaopita kwenye mchubuko mdogo. Likiwa bado dogo, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom, inayopatikana maduka ya dawa, kausha vizuri, paka iodini iliyochanganywa na maji mpaka ipate rangi ya chai ya rangi nyepesi, kisha funga pedi ya pamba na bandeji. Rudia kila siku. Ndani kunakuwa na usaha mgumu ambao haukamuliki kama wa binadamu, na watu huuchimba kwa wembe jikoni. Naomba usifanye hivyo. Chini ya wayo kuna kano na mishipa ya damu, na maambukizi yakifika kwenye mfupa mguu unapotea. Jipu lililokomaa lifunguliwe na daktari.

Kwa mfupa uliovunjika, daktari atafunga gango, yaani vijiti vya kuushikilia mfupa usicheze. Mifupa ya ndege huunga haraka, takribani wiki tatu ikiwa imenyooshwa vizuri. Kazi yako ni kuangalia vidole kila asubuhi. Vikivimba au vikiwa baridi kuliko vya mguu mwingine, bandeji imekaza na lazima ifunguliwe.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ukali kidogo. Usimpe bata diklofenaki, dawa ya maumivu ya binadamu, hata nusu kidonge. Dawa hii iliangamiza tumbusi wa Asia Kusini waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, mpaka India ikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Inaharibu figo za ndege. Dawa za maumivu zinazofaa ndege zipo, na kipimo chake anakijua daktari. Antibiotiki nazo zisinunuliwe kwa kubahatisha. Kano iliyovutika haina bakteria wa kuua, na bata akipewa dawa hizo mayai yake hayaliwi mpaka muda wa kusubiri dawa itoke mwilini uishe.

Afisa mifugo wa kata ni mahali pazuri pa kuanzia, na maduka ya pembejeo za mifugo huwafahamu madaktari wanaofika nyumbani. Uliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, ni haki yako kuuliza. Pakihitajika vipimo vya maabara, Wakala wa Maabara ya Veterinari wako Temeke. Upasuaji mgumu unaweza kukufikisha Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Msafirishe kwenye tenga lenye maranda, kwa bajaji. Pikipiki inamrusharusha mno.

Chakula kina sehemu yake, hasa kwa vifaranga. Bata wanahitaji niasini, moja ya vitamini za kundi B, kuliko kuku. Bata wanaokua wanahitaji karibu miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula. Ukiwalisha pumba za mahindi peke yake, vifundo vinavimba na miguu inapinda, nawe utatafuta jeraha ambalo halipo. Niasini iliyomo kwenye mahindi imefungamana na vitu vingine, hivyo tumbo haliipati kwa urahisi. Ongeza dagaa, vipande vidogo vya ini lililopikwa, au karanga zilizotwangwa, na waulize maduka ya mifugo vitamini B ya kuchanganya na maji. Dagaa wa chumvi waoshe na kuwaloweka kwanza.

Karanga, pumba na mashudu vinuse na kuvitazama kabla ya kulisha. Kwa unyevu wa pwani, gunia lililokaa sakafuni wiki chache linafanya ukungu, na bata ni miongoni mwa ndege wanaodhurika upesi zaidi na sumukuvu. Ninanunua kidogo kidogo na kuliweka gunia juu ya mbao. Mgonjwa asinenepe pia, kila gramu ya ziada inabebwa na mguu huo.

Yapo majeraha yasiyopona. Bata ambaye hawezi kusimama wala kuelea sawa, hali, na anavimba upya baada ya matibabu, anateseka, na daktari anaweza kumaliza mateso hayo bila maumivu. Kumwomba afanye hivyo ni sehemu ya kumtunza.

Kwa aliyepona, usimfungulie uani siku ya kwanza anapokanyaga. Mtoe asubuhi wakati hakuna joto, kwenye udongo au majani, kwa muda mfupi, ukiwa umeziba kwanza mahali alipoumia. Mfuniko wa mtaro wetu sasa una wavu wa matundu madogo, na njia ya tailizi kwenda bombani imetandikwa mkeka wa mpira. Dume lirudi kundini mwisho kabisa. Jioni mtazame akitembea kutoka nyuma, ndipo kuchechemea kunapoonekana vizuri. Ukikuona tena, mrudishe kwenye maranda siku mbili tatu, kisha jaribu upya.