Barua kwa mwanangu: mshahara wa mtu haulali

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na baba yako kwa sauti. Umeuliza: "Mama, ulijuaje kwamba wakati wa kuacha kazi umefika?" Unasema keki unazooka usiku hapo Dodoma zinakuingizia karibu nusu ya mshahara wako wa ofisini, fremu ya duka umeshaipata, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, oveni kubwa umeiulizia bei, na kuna binti wa jirani utamchukua akusaidie.

Mimi sikuacha kazi, unalijua hilo. Kiwanda chetu cha nguo kilisimama katikati ya miaka ya tisini kama viwanda vingi vya Morogoro. Mitambo ilikuwa imechoka, umeme wa mgao, na sokoni nguo za nje na mitumba vilikuwa vimejaa tangu biashara ilipofunguliwa enzi za Mzee Mwinyi. Tukagawiwa viinua mgongo, tukarudi nyumbani. Kwa hiyo habari ya kuchagua siku ya kuondoka uwaulize wengine. Kilichonishika mimi katika ujumbe wako ni huyo binti. Umemtaja mwisho kabisa, baada ya oveni. Mimi ningeanza na yeye.

Mshahara wa mtu haulali. Mmelisikia hilo tangu mkiwa wadogo, na kaka yako hulisema kwa kuigiza sauti yangu mkikutana Krismasi. Haidhuru, alimradi analishika. Nilikuwa karani wa stoo, na dirisha langu lilitazamana na dirisha la mlipaji. Miaka ile ya mwisho mshahara ulikuwa hauna tarehe. Watu wanapanga foleni asubuhi, mchana dirisha linafungwa, wanaambiwa warudi Jumatatu. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wazima, wenye ufundi wao mikononi, wanasimama pale wakitafuta kichwani nani bado hawajamkopa. Mangi wa dukani alikuwa ameshakataa kuwaandika kwenye daftari. Ndipo nilipojiwekea kwamba nikijaliwa kumlipa mtu, hata mmoja tu, siku yake itakuwa siku yake.

Nilikaa miaka kadhaa peke yangu na ile cherehani ya miguu ya bibi yenu. Wenye cherehani za umeme walikuwa wakikaa kusubiri mgao upite, mimi nashona. Kilichonifanya niajiri ni MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na mpango ule ukaanza mwaka 2002, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani waliandikishwa kwa wingi, na kila mmoja alitakiwa shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu. Nikachukua mafundi wawili. Unawakumbuka, yule mkubwa aliyekuwa anawachongea penseli na yule mwembamba. Malipo kila Jumamosi jioni.

Mwaka uliofuata ikaja oda ya ile shule ya bweni. Jina lake tuliache. Walitaka sare za kidato cha kwanza wote, sketi, suruali, mashati mawili mawili. Fedha yote niliyokuwa nayo niliipeleka Kariakoo, nikarudi na majora. Tulishona mpaka usiku wa manane, ninyi mkilala juu ya mabaki ya vitambaa kwa sababu chumba chenu tulikifanya cha kukatia. Tukapeleka mzigo kwa siku waliyotaka. Mhasibu akahesabu, akasaini, akanipa chai, akasema njoo Ijumaa. Ijumaa akaniambia njoo Ijumaa ijayo.

Jumamosi ile mafundi walikuwa wamemaliza kufagia na wamefunika cherehani. Mke wa yule mwembamba alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo. Nikawaeleza jinsi ilivyo. Yule mkubwa akasema, "Mama, usijali. Tutasubiri, tunaelewa." Mwanangu, hiyo "tunaelewa" ndiyo iliyonichoma, na inanichoma mpaka leo ninapoandika. Naijua ilivyo. Nimeisema mwenyewe mbele ya lile dirisha, mwezi baada ya mwezi, na sikuwa ninaelewa chochote. Ni neno la mtu ambaye hana namna.

Baba yako alikuwa ametoka zamu, baiskeli yake ya Phoenix ameiegemeza ukutani. Nilimtazama. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa, akaifuta matope, akaisukuma kuelekea soko la Mawenzi bila kusema neno. Kabla giza halijaingia mafundi walikuwa wamelipwa, na Jumamosi iliyofuata wakalipwa pia kutokana na fedha ya baiskeli hiyo hiyo. Ninyi tukawaambia baiskeli iko kwa fundi. Mkauliza siku mbili tatu, mkaacha.

Shule ililipa, ndiyo. Kwa vipande vipande, cha mwisho mwezi wa tano. Toka siku hiyo mkasi wangu haujagusa kitambaa cha taasisi yoyote kabla sijashika nusu ya fedha mkononi, na wapo walioniona mkali wakaenda kwa wengine. Waende tu. Ila usidhani nayasimulia haya kwa kujisifu, maana kuna upande wake mwingine. Baba yako alitembea kutoka Mji Mpya hadi Kihonda, kwenda na kurudi, jua na mvua, karibu mwaka mzima. Mshahara wa mafundi haukulala, lakini uliotembea ni mguu wa mtu ambaye hakuwahi kushika sindano. Na yule fundi mkubwa, miezi michache baadaye, alifungua kibanda chake ng'ambo ya barabara na baadhi ya wateja wangu wakamfuata. Baba yako husema, kwa upole wake ule, kwamba wale wangeweza kusubiri mpaka Jumatano na dunia isingeanguka. Labda. Yule mkubwa angeweza, hakuwa na mtoto mchanga. Ningemlipa mwembamba peke yake? Hapana. Wameshona pamoja, ningemwambiaje mmoja kwamba jasho lake linaweza kungoja? Hapana, mimi siwezi kufika hapo. Lakini ile baiskeli, mwanangu. Kila akishuka ngazi za kanisani akishikilia goti, naiona ile baiskeli.

Ndiyo maana nakuuliza habari za huyo binti. Keki zina misimu yake kama sare. Mimi fedha ya Januari niliifungia, kwa sababu Aprili hakuna mzazi anayenunua shati. Wewe utakuwa na miezi ya harusi, vipaimara na mahafali, kisha utakuja mwezi mmoja wa kimya, na yeye siku zote hizo atakuwa amekuja saa mbili asubuhi, amefunga aproni. Wateja wako wa maofisini watakuambia utalipwa mwisho wa mwezi. Unawajua, ni wenzako. Na ile NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara: leo wewe unakatwa 10 na mwajiri anaongeza 10 yake, wala huifikirii. Ukimwajiri, hiyo 10 ya mwajiri inatoka kwenye droo yako, na ile ya kwake ukishamkata si yako hata kama gesi imeisha na oda iko mezani. Wewe ni mhasibu, mahesabu hayo unayaweza kuliko mimi. Ninachotaka uyafanye kwa jina lake, siyo ndani ya fungu la "matumizi mengineyo".

Sasa najua unataka niseme acha kazi au usiache. Baba yako amesema nisiseme, wewe ni mtu mzima na mwenye nyumba yako. Ulimi unaniwasha. Nusu ya mshahara unaoipata usiku, ukiwa hulipi kodi ya fremu na humlipi mtu, mimi siihesabu kuwa nusu. Lakini pia mikono yako naijua, na keki ya ubarikio wa mtoto wa shangazi yako watu bado wanaiulizia huku. Basi, naishia hapo, nimeshavuka nilipoambiwa niishie.

Nijibu hili kwanza. Mshahara wa huyo binti wa miezi mitatu, mbali na kodi, unga na gesi, umeuweka wapi? Na muulize mwenyewe anataka kulipwa kwa wiki au kwa mwezi, usimchagulie. Anayenunua unga kwa kilo na anayelipa chumba hawaitaki fedha siku moja. Ukishapata majibu yote mawili nipigie jioni, siyo mchana, mchana niko kwenye kukata.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako