Kwa nini biskuti za sukari za kusukuma huwa ngumu kesho yake, na namna ya kuzifanya zibaki laini

Dada uliyeanzisha uzi huu umeeleza mambo matatu: kwamba biskuti zako za sukari, zile za kusukumwa na kukatwa kwa umbo la mwezi na nyota, hutoka vizuri jikoni lakini kufikia kesho yake huwa ngumu, kwamba nyota hupoteza ncha zake zikiwa bado ndani ya oveni, na kwamba jirani amekushauri uongeze bekingi pauda. Mimi huoka biskuti hizi kwa oda nyumbani Dar es Salaam, mara nyingi kwa oveni ya gesi na mara nyingine kwa mkaa, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyafanya kwa mikono yangu. Ushauri wa jirani uuache. Bekingi pauda huifanya biskuti ifure, haiifanyi ibaki laini, na ikizidi itakuongezea tatizo la pili, kwa sababu biskuti iliyofura kisha ikashuka haiwezi kubaki na ncha kali.

Ugumu wa kesho yake, kwa maoni yangu, hutokana karibu kila mara na mambo mawili, nayo ni unga unaoongezwa wakati wa kusukuma na kuziacha biskuti motoni mpaka zibadilike rangi. Viambato vina nafasi yake na nitavieleza, lakini mtu anayesukuma kwa unga mwingi na kuoka kupita kiasi hataokolewa na vipimo vyovyote, hata avitoe kwa mwokaji hodari kiasi gani.

Biskuti za sukari zinahusishwa sana na jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, hasa mji wa Nazareth ulioanzishwa na Wamoravia katika karne ya 18, wa kanisa lilelile ambalo lina waumini wengi Mbeya na Tabora. Ninalitaja hilo kwa sababu moja tu ya jikoni: maelekezo mengi tunayoyafuata yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, na wanaposema siagi iwe katika joto la chumba wanamaanisha chumba chenye nyuzi joto 18 hadi 20. Chumba changu mwezi Februari saa nane mchana kina nyuzi 30 na zaidi, na siagi huyeyuka kabisa ikifika kati ya 32 na 35. Siagi iliyoachwa mezani saa nzima katika joto hilo si laini tena, imekwisha kuwa mafuta. Donge lililochanganywa kwa siagi ya namna hiyo hunata kwenye kibao na kwenye kisukumio, na mkono uliozoea chapati hukimbilia kunyunyiza unga. Unga huo hauishii juu. Unaingia ndani kila unapokunja mabaki na kuyasukuma upya, unafyonza unyevu uliotakiwa kubaki kwenye biskuti, na kadiri unavyokanda ndivyo protini ya ngano inavyojenga gluteni, yaani ule mvutiko wa donge, ambayo kwenye chapati tunaitafuta na kwenye biskuti hatuitaki.

Dawa yake ni kutotumia unga kabisa wakati wa kusukuma. Mimi hulisukuma donge katikati ya karatasi mbili za kuokea, na linapokuwa limetoka tu kuchanganywa, kabla halijaingia kwenye friji. Najua wengi wameelekezwa kulipoza donge kwanza likiwa bonge kisha ndipo walisukume, lakini bonge lililopoa huwa gumu kama tofali kwa nje, na mpaka limekubali kusukumwa kingo zake zimekwisha kuyeyuka katika joto letu. Ukilisukuma likiwa laini halihitaji nguvu. Unalitandaza, unalitelezesha pamoja na karatasi zake juu ya trei, kisha unaliweka kwenye friji kwa muda wa saa moja mpaka likakamae. Likishakakamaa, bandua karatasi ya juu, irudishe kwa wepesi, geuza, bandua ile ya chini, ndipo ukate. Kikatio kitatoka safi, na usipokuwa na kikatio mdomo wa glasi unatosha kwa zile za duara. Mabaki usiyakande: yapange kando kwa kando, yabonyeze yashikane, yasukume tena katikati ya karatasi zilezile. Nafanya hivyo mara moja tu. Mabaki ya awamu ya pili nayaoka yalivyo, bila umbo, na hayajawahi kukosa watoto wa kuyamaliza.

Unene ndio jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Biskuti ya milimita 3, ambao ndio unene mkono wa chapati unauzoea, itakauka hata ukiiokea kwa uangalifu gani, kwa sababu joto linafika katikati yake kabla kingo hazijakaza. Biskuti laini inataka milimita 6 mpaka 8, nami hukaa kwenye 7. Ili unene uwe sawa, tafuta vipande viwili vya mbao vyenye unene huo, uviweke kushoto na kulia kwa donge, na kisukumio kipite juu yake. Fundi seremala yeyote atakukatia. Usawa huo una faida ya pili: biskuti zote za trei moja zitaiva kwa wakati mmoja, na hutalazimika kuziacha nyembamba zikauke ukizisubiri nene.

Sasa vipimo, na nakusihi utumie mizani, kwa sababu kikombe cha unga kilichoshindiliwa na kile kilichojazwa kwa kijiko hutofautiana kwa gramu 20 au 30, na tofauti hiyo peke yake yatosha kuzifanya biskuti kuwa ngumu. Ninachukua siagi gramu 225, sukari gramu 200, yai 1 zima na kiini 1 cha ziada, mtindi mzito uliochujwa gramu 60, unga wa ngano gramu 380, wanga wa mahindi (ule uitwao konfulawa) gramu 50, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, magadi soda robo ya kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai na vanila vijiko viwili vya chai. Kwa kikatio cha sentimita 6 utapata biskuti kama 36 hadi 40.

Siagi iwe siagi ya kweli, au kama bei haikuruhusu, majarini ambayo kopo lake linaonyesha mafuta yasiyopungua asilimia 80. Zile za kupaka mkate zenye mafuta machache zimejazwa maji, na maji hayo hukutana na unga yakajenga gluteni, kisha hugeuka mvuke yakaitandaza biskuti. Samli, ambayo tungeitegemea kwa mapishi yetu mengi, hapa haifai, kwa kuwa haina maji karibu kabisa. Inatoa biskuti ya kumung'unyika badala ya laini.

Sukari yetu ya dukani mara nyingi ina chembe kubwa. Isage kidogo kwenye blenda ili iyeyuke vizuri, wala usiipunguze kwa kudhani unapunguza utamu tu, kwa sababu sukari ndiyo inayoushika unyevu ndani ya biskuti, na biskuti yenye sukari pungufu hukauka mapema. Wanga wa mahindi unapunguza nguvu ya unga wetu wa matumizi yote, ambao umetengenezwa ukifikiriwa chapati na maandazi zaidi kuliko keki. Kiini cha ziada kinaongeza mafuta na ulaini, ilhali ute mweupe, ukiongezwa, hukausha.

Kuhusu mtindi: mapishi ya zamani ya Marekani ya biskuti nene na laini hutumia krimu iliyochacha pamoja na magadi soda, na kwa kuwa krimu hiyo hapa ni ghali na si kila duka linayo, mtindi uliochujwa kwa kitambaa usiku kucha unafanya kazi ileile. Asidi yake huipa magadi soda kitu cha kukutana nacho, na uchachu wake mdogo huondoa ule utamu mtupu unaochosha mdomo. Usizidishe magadi soda, kwani huacha ladha ya sabuni na kuharakisha rangi ya kahawia, na usije ukatumia magadi ya mawe ya kulainishia maharage ukidhani ni kitu kimoja. Vanila waweza kuibadilisha kwa iliki iliyotwangwa wakati huohuo, na binafsi naipenda zaidi.

Katika kuchanganya, usiipige siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi kama unavyofanya kwa keki. Hewa unayoiingiza hapo ndiyo inayozifurisha nyota zako na kuzifuta ncha. Piga dakika moja au mbili tu, mpaka vishikane, ukitumia siagi iliyotoka kwenye friji dakika chache zilizopita, ambayo ukiibonyeza kwa kidole inaacha alama lakini haing'ai. Tia yai na kiini, mtindi na vanila, kisha unga uliokwisha kuchekechwa pamoja na vikavu vingine, na uache kukoroga mara tu usipouona tena unga mkavu. Biskuti zikishakatwa na kupangwa kwenye trei, zirudishe kwenye friji dakika 15 wakati oveni inapata moto. Siagi iliyopoa huchelewa kuyeyuka, unga unawahi kukaza, na umbo linabaki kama ulivyolikata. Kama umeme umekatika na friji haina ubaridi, afadhali uahirishe nyota uoke duara siku hiyo.

Oveni iwe na nyuzi joto 180 za Selsiasi, ambazo kwenye majiko ya gesi yenye namba ni namba 4, na iwashwe robo saa kabla. Majiko mengi tunayouziwa hudanganya kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni ni kifaa ambacho ningekinunua kabla ya kikatio chochote cha kupendeza. Kwa unene wa milimita 7, dakika 9 hadi 11 zinatosha. Usisubiri rangi juu. Itoe trei pale uso unapopoteza ule mng'ao wa unyevu, kingo zikiwa zimekaza kidogo chini ya ncha ya kidole, katikati pakiwa bado pamelegea, na ukiinua moja kwa kisu uone upande wa chini umeanza tu kuwa na rangi hafifu ya dhahabu. Zitaonekana hazijaiva. Ziache juu ya trei dakika 5, na joto la trei litamalizia kazi. Ukizibandua mapema zitavunjika, na ukizisahau nusu saa zitakuwa zimeendelea kukauka kwa chini.

Hapa jiandae kwa maneno ya wateja. Sisi wa pwani tumelelewa na vileja, ambavyo kwa unga wake wa mchele na samli vimekusudiwa kuwa vikavu na kumung'unyika, na biskuti za pakiti za kunywea chai ni kavu vilevile. Kwa hiyo yuko atakayeiona biskuti nyeupe na laini akaiita mbichi. Mimi humwomba aivunje moja atazame ndani. Kama pamekuwa na vitundu vidogo na hakuna mstari wa unga mbichi, imeiva.

Zikishapoa kabisa, na si kabla, zifungie kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Zikifungiwa na uvuguvugu mvuke utazilowesha juu. Usiziweke kwenye friji, kwa kuwa baridi ya friji huufanya wanga ukakamae upesi, na nahisi huko ndiko baadhi ya biskuti zako zilikopatia ugumu. Kwenye chombo kizuri hukaa laini siku tatu hadi nne. Kwa oda za Idi, badala ya kuoka mapema, kata maumbo uyagandishe yakiwa mabichi, yametenganishwa kwa karatasi. Yanakaa wiki kadhaa bila kuharibika, na yanaingia motoni yakiwa bado yameganda, ukiongeza dakika moja au mbili. Ukipenda kuzipaka sukari ya aisingi iliyokorogwa kwa maziwa kidogo, zipake zikiwa zimepoa, na kumbuka kwamba wakati wa masika hukauka polepole sana, hivyo usizipange moja juu ya nyingine siku hiyohiyo.

Kwa wale walioandika hapa chini kwamba hawana oveni, mkaa unawezekana, ila kwa biskuti chache kwa wakati mmoja. Tandika mchanga mkavu ndani ya sufuria pana na nzito, weka kigae juu yake, funika na upashe moto dakika 15 kabla ya kuingiza sahani ya bati yenye biskuti. Makaa ya chini yawe machache sana, ya juu ya mfuniko yazidi kidogo, kwa kuwa upande wa chini ndio unaowahi kuungua. Anza kuzikagua baada ya dakika 8, na mfuniko uuinue wima bila kuuinamisha, la sivyo jivu litadondokea biskuti.