Unataka kujaribu droni ya doria Arusha? Anza na karatasi moja

Wabunifu wengi wa hapa Arusha na Moshi huunda droni kwanza, barua baadaye. Geuza. Ndege nyuki yenye kamera ya joto, hata kama nia yako ni kusaka moto wa nyika tu, inagusa ulinzi wa nchi. Kwa hiyo kibali cha Wizara ya Ulinzi na JKT ndicho cha kwanza, kisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), yenye kanuni za ndege zisizo na rubani za 2018.

Usitafute sheria moja inayobeba yote. Andika karatasi moja ya jaribio, uiambatishe kila ofisi: kona nne za uwanja kwa latitudo na longitudo, urefu wa juu kabisa wa kuruka, uzito kwenye mizani betri ikiwemo, masafa ya redio, siku na saa, simu ya rubani.

Kona hizo ndizo huwaangusha wengi. Tengeru iko kwenye latitudo ya kusini 3.37, kwa desimali. Anayeisoma kama nyuzi 3 na dakika 37 ameshahamisha uwanja wako kilomita 27 kusini, kuelekea Simanjiro. Andika mfumo mmoja tu, na uutaje. Pima pia umbali wa kwenda viwanja vya ndege vya Kisongo, KIA na Moshi. Ukigusa hifadhi ya taifa, TANAPA, wasimamizi wake, wana kibali chao.

Redio za 2.4 na 5.8 GHz ndizo za kawaida. Ukifunga busta, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya redio, ili ufike mbali, umeingia kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kamera ikinasa watu wanaotambulika, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo taja nani anatunza picha na lini zinafutwa. Kambi za jeshi za Monduli usizikaribie kabisa: Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina utani.

Sasa saa. Mchana udongo huchemka hadi kukaribia nyuzi 37 za mwili wa mtu, na kwenye picha mtu anapotelea ardhini. Jaribu saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi: kumekucha, unaiona droni kwa macho, ardhi bado ya baridi. Kuruka usiku ni ombi jingine, tena gumu.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13, kwa hiyo panga za droni huzunguka kwa kasi zaidi na betri huisha mapema kuliko karatasi ya kiwandani inavyoahidi. Betri ya seli nne ikifika volti 14.0, shusha. Usisubiri king'ora.

Uwanjani beba nakala za vibali zenye mihuri, na moja mpelekee mtendaji wa kijiji siku moja kabla. Wa kwanza kupiga simu polisi ni jirani aliyesikia mlio juu ya migomba yake.